Zaire 74: Shoo 8 za Moto Zilizotingisha Kinshasa, na Zile Zilizongoja Miaka 43 Kuskika

Unajua ile shoo mtu wangu anakwambia "ungekuwepo," na wewe unabaki tu kumeza mate? Basi kuna tamasha moja Afrika ambalo bado linatesa watu hivyo, na limepita nusu karne. Kabla ya Blankets & Wine, kabla ya Wanaijeria kuanza kujaza viwanja vya Ulaya, kulikuwa na siku tatu za mziki Kinshasa. Ziliitwa Zaire 74. James Brown alikuwepo. B.B. King alikuwepo. Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley, wote stej moja.

Hapa chini tumekupangia shoo 8 unazofaa kuzijua, kutoka namba nane hadi namba moja. Lakini ukisoma, angalia pia kitu kingine: ni nani alipata filamu mapema, na ni nani aliachwa kwenye kabati. Hapo ndio kuna ngori.

Kwanza, ilianza aje?

Mwaka wa 1974 promota Don King aliwaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja wapigane. Doo hiyo hakuwa nayo. Aliyekubali kuitoa ni Mobutu Sese Seko, aliyekuwa ameshika nchi tangu 1965 na kuibadilisha jina kutoka Congo hadi Zaire mwaka wa 1971. Mobutu alitaka dunia nzima iskie jina hilo jipya. Pambano likapangwa tarehe 25 Septemba, Kinshasa.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na produsa mwenzake Stewart Levine wa Marekani, wakaja na plani yao: siku tatu kabla ya ngumi, wawakutanishe mastaa weusi wa Marekani na wakali wa Afrika kwenye stej moja. Pesa ya tamasha ilitoka kwingine kabisa, kwa wawekezaji wa Liberia.

Halafu mambo yakaharibika. Siku chache kabla, Foreman akapasuliwa juu ya jicho akiwa mazoezini. Ngumi zikasongezwa hadi 30 Oktoba. Watalii waliotarajiwa kuja na madola yao hawakutokea. Lakini mziki haungeweza kungoja, kwa hivyo tamasha likaendelea vile lilipangwa, tarehe 22 hadi 24 Septemba, ndani ya Stade du 20 Mai. Leo uwanja huo unaitwa Stade Tata Raphaël, na ndio ule ule ambao Ali alikuja kumwangusha Foreman raundi ya nane.

Shika hiyo point vizuri, juu inaeleza kila kitu kinachofuata. Umati uliojaa pale haukuwa wa wageni. Ilikuwa ni Kinshasa yenyewe, watu wa Kilingala na Kifaransa. Mmarekani akisimama mbele yao hangetegemea maneno ya wimbo. Alifaa awabambe kwa gitaa, kwa mwili au kwa sauti tupu.

8. B.B. King

Mzee wa blues alikuja na Lucille, gitaa lake. Kama hujui risto ya jina hilo: akiwa kijana alikuwa anapiga kwenye ukumbi mmoja Arkansas, wanaume wawili wakaanza kuzozana, wakaangusha jiko na ukumbi ukashika moto. King akatoka mbio, kisha akarudi ndani ya moto kuchukua gitaa lake. Baadaye akaskia wale jamaa walikuwa wanapigania msichana anaitwa Lucille. Akaliita gitaa hivyo, ajikumbushe asirudie huo ujinga.

Kinshasa alipiga "The Thrill Is Gone". Kitu ya kucheki hapa: King hakuwa mtu wa kuimba na kupiga solo kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linamjibu. Ni kama watu wawili wanabonga. Huhitaji Kiingereza kujua kwamba mmoja wao ameachwa.

7. Bill Withers

Huyu ni yule wa "Ain't No Sunshine" na "Lean on Me", zile ngoma ambazo hata nyanyako huko ushago anazitambua zikiguswa redioni. Kabla ya mziki alikuwa jeshi la wanamaji kwa miaka 9, kisha akafanya kazi kiwandani akifunga vyoo kwenye ndege. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1971, tayari ameshapita miaka 30. Kwa hivyo wewe unayejiona umechelewa maishani, tulia.

Kila mtu mwingine alileta kelele na densi. Withers alikaa chini na gitaa lake, peke yake, akaimba "Hope She'll Be Happier". Hakuna ngoma nyuma, hakuna tarumbeta. Uwanja mkubwa hivyo, na mtu mmoja analia kwa sauti ya chini kuhusu mpenzi aliyeenda. Ukicheki hiyo clip usiku ukiwa na stress ya mtu, usiseme hatukukuonya.

6. Abeti Masikini

Hapa tunaingia kwa wenyeji. Abeti alizaliwa Kisangani mwaka wa 1954, mji wa mashariki ambako Kiswahili ni lugha ya mtaa kama Kilingala. Alipopanda stej ya Zaire 74 alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Usimwone mtoto, lakini. Mwaka mmoja kabla, 1973, alikuwa ameshapiga shoo Olympia kule Paris, ukumbi ambao wasanii wengi wakubwa huzeeka wakiuota.

Wakati huo rumba ya Kinshasa ilikuwa bado boma la wanaume. Bendi kubwa, waimbaji wanaume, na wanawake mara nyingi wakiwekwa pembeni kudensi. Abeti alisimama katikati kama mwenye bendi. Wasupa wote waliokuja kutawala mziki wa Congo baadaye, akina Mbilia Bel na Tshala Muana, walipata njia imeshaanza kulimwa.

5. Celia Cruz na Fania All-Stars

Kama hupendi salsa, hii ndio itakubadilisha. Fania lilikuwa kundi la mastaa wa lebo moja ya New York: Johnny Pacheco akiongoza, Ray Barretto kwenye konga, Héctor Lavoe akiimba. Kwenye ndege tu kuelekea Kinshasa, hawa watu walikuwa wanapiga mziki na kuimba hadi njia zote zimejaa wachezaji. Kamera zilinasa.

Kisha Celia Cruz akapanda na "Quimbara", na pale Kinshasa ikatambua mdundo wake yenyewe. Hii si maneno ya mapambo. Wakongo walioshikwa utumwa walipelekwa Cuba na ngoma zao. Huko zikachanganyika na gitaa za Wahispania. Kisha kuanzia miaka ya 1930 na 1940, santuri za Cuba zikarudi kwenye bandari za Congo, vijana wakazinakili kwa gitaa, na rumba ya Congo ikazaliwa. Kwa hivyo Celia alipokuwa anaimba Kihispania mbele ya umati wa Kilingala, mziki ulikuwa umemaliza mzunguko wa miaka mingi na kufika nyumbani.

Yeye mwenyewe hangeweza kurudi kwao. Alitoka Cuba mwaka wa 1960, na mamake alipofariki 1962, serikali ya Castro haikumruhusu kwenda kuzika.

4. James Brown

Wengi wangemweka namba moja na hatutapigana nao. James Brown ndiye aliyekuwa jina kubwa kwenye bango. Alikuwa na miaka 41, nguvu bado imejaa, na ameandikwa "GFOS" kiunoni, kifupi cha jina lake la kimajuu la Baba wa Soul. Huyo ndio mtu wa kujiandika cheo kwenye nguo na hakuna anayebisha.

Cheki miguu yake. Kisha cheki bendi yake. Hao wasee hawamwangalii kwa mapenzi, wanamwangalia kwa uoga, juu Brown alijulikana kwa kupiga faini mwanamuziki akikosea noti au akija na viatu visivyong'aa. Ndio maana mkono wake ukishuka, bendi nzima inakata kama kisu. Alipiga "The Payback", na alipofika kwa "Say It Loud", ile ngoma yake ya 1968 ya kujivunia kuwa mweusi, alikuwa anaiimba mbele ya uwanja mzima wa watu weusi, kwenye bara walikotolewa babu zake. Filamu nzima ya tamasha hili ilipewa jina la wimbo wake mwingine, "Soul Power".

3. Miriam Makeba

Sisi huku tunamjua kwa "Malaika", ile aliyoibeba kutoka Afrika Mashariki hadi kumbi za dunia. Kinshasa aliimba "Qongqothwane", wimbo wa harusi wa Waxhosa wenye zile sauti za kugonga ulimi. Na kabla ya kuimba aliwapa watu somo dogo: Wazungu huuita wimbo huo kwa jina la Kiingereza kwa sababu jina lake halisi linawashinda kutamka. Alilisema akitabasamu, lakini kisu kilikuwa ndani.

Na sasa unganisha hii na Celia Cruz. Makeba naye alikuwa mkimbizi. Mwaka wa 1960 alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mamake, akapata pasipoti yake imefutwa. Wakati wa Zaire 74 alikuwa anaishi Guinea. Wanawake wawili wakubwa zaidi kwenye tamasha hilo, mmoja alifungiwa nje na wakomunisti, mwingine na makaburu, na wote wawili walikosa mazishi ya mama zao. Ukijua hivyo, hizo shoo mbili utaziskia tofauti kabisa.

2. Tabu Ley na Afrisa

Sasa tuko kwa wenye mji. Tabu Ley Rochereau alikuwa na sauti nyororo kama asali na akili ya mtu wa biashara. Mwaka wa 1970 alishapiga Olympia, Paris. Alikuwa na wasichana wa kudensi walioitwa Rocherettes, na alikuwa amesoma soul ya Marekani vizuri sana: mavazi, miondoko, vile bendi inasimama. Kwa hivyo yeye kupiga tamasha moja na James Brown ilikuwa ni kama kujibu barua hadharani.

Na hata jina lake lilikuwa na siasa. Mobutu alikuwa ameamuru mwaka wa 1972 watu wote waache majina ya kizungu, na Rochereau akabaki Tabu Ley. Sisi Nairobi tulikuja kumpenda zaidi miaka ya 1980, wakati Mbilia Bel aliimba utunzi wake "Nakei Nairobi". Lakini ukitaka kumskia akiwa kijana mwenye njaa ya kuonyesha dunia, hii ndio shoo.

1. Franco na TPOK Jazz

Namba moja ni Franco, na sababu tutakupa.

Luambo Makiadi, jina la kazi Franco, alianzisha OK Jazz na wenzake mwaka wa 1956 akiwa bado kijana wa miaka 17. Kufikia 1974 alikuwa na miaka 36, bendi imekua kuwa jeshi, na Kinshasa nzima ilikuwa imegawanyika mara mbili: upande wa Franco na upande wa Tabu Ley. Ilikuwa kama Gor na Ingwe, ila kwa gitaa. Miaka miwili tu kabla, Sam Mangwana alikuwa ametoka kwa Tabu Ley na kuhamia kwa Franco, na mashabiki walichukulia hiyo kama usaliti. Kwa hivyo ile hali ya "nani atamfunika nani" haikuwa kati ya Wamarekani na Waafrika pekee. Wenyeji walikuwa na vita yao wenyewe, na umati uliijua vizuri.

Ili uskie Franco vizuri, jifunze kitu kimoja: sebene. Wimbo wa rumba huanza polepole, waimbaji wanakupa stori. Kisha maneno yanaisha, na gitaa tatu zinaanza kufumana. Ya kwanza inashika mdundo chini, ya pili inajaza katikati, ya tatu inakimbia juu ikirudiarudia kitu kidogo hadi kikushike kichwa. Tarumbeta zinaingia kwa mpigo mmoja. Hapo hakuna mtu anayekaa. James Brown alikata mziki kama kisu. Franco alikuwa anausuka kama mkeka, na hakuwa na haraka ya kuumaliza.

Wamarekani walishangiliwa kama wageni wa heshima. Franco aliimba mbele ya watu waliojua kila neno, kila jirani aliyesemwa kwa mafumbo, kila utani.

Nje ya stej: Manu Dibango

Bonasi kidogo. Manu Dibango wa Cameroon, yule wa "Soul Makossa", alikuwepo pia. Kinshasa haikuwa ngeni kwake, juu mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi huko akipigia African Jazz ya Kabasele. Kuna kipande cha filamu ambacho anapuliza saksafoni mtaani huku watoto wamemzunguka. Hakuna stej, hakuna taa. Kitafute.

Sasa, kwa nini zingine zilichelewa hivi?

Tamasha lilirekodiwa vizuri sana, picha na sauti. Lakini watalii hawakuja, pesa ikapotea, na mikanda ikakwama kwenye mizozo na kesi kwa miaka mingi. Mkurugenzi wa filamu Leon Gast alitoa "When We Were Kings" mwaka wa 1996, na mwaka uliofuata ikashinda Oscar. Lakini hiyo ni filamu ya Ali na Foreman, mziki ni wa kupitia. "Soul Power", filamu ya tamasha lenyewe, ilitoka mwaka wa 2008, chini ya Jeffrey Levy-Hinte. Ni noma, usiikose. Ila hata humo, mastaa wa Marekani ndio wanapewa nafasi kubwa, na bendi za Kinshasa zinapita haraka.

Kisha 2017 ikatoka albamu ya "Zaire 74: The African Artists", na ndani yake Franco, Tabu Ley, Makeba na Abeti wakaskika kwa urefu, pamoja na Orchestre Stukas, bendi ya vijana wakorofi wa Kinshasa. Miaka 43.

Sasa piga hesabu. Franco alifariki 1989. Abeti alifariki 1994. Makeba 2008. Tabu Ley 2013. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeishi kuishika hiyo albamu mkononi. Masekela, aliyelileta wazo lenyewe, aliiona ikitoka, kisha akafariki Januari 2018.

Mwaka wa 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na sote tulishangilia. Lakini urithi hauhifadhiwi kwa cheti pekee. Ni kanda ambayo mtu aliitunza, na haki ambazo mtu alizifuatilia. Na sisi hatuko mbali na hii risto. Mwaka huo huo wa 1974, Orchestra Super Mazembe ilihamia Nairobi, na ndio waliokuja kutupa "Shauri Yako", ambayo hadi leo ikiguswa kwa harusi hata mapromoni wanatupa viatu. Jiulize ni usiku ngapi walipiga kwenye vilabu vya hii Nairobi na ni ngapi kati ya hizo mtu alibonyeza rekoda.

Anza hivi

Ukiwa na muda wikendi hii, fuata mpangilio huu:

- Tazama "Soul Power" kwanza. Inakupa picha, jasho na kichaa cha James Brown.
- Kisha zima skrini, vaa headphones na uweke ile albamu ya 2017. Anza na Makeba, enda kwa Abeti na Tabu Ley, malizia na Franco.
- "When We Were Kings" iweke mwisho, ujue kwa nini watu wote hawa walikuwa Kinshasa mwanzo wa mambo.

Na kama unafanya mziki, au uko kwenye mbogi inayoandaa shoo mtaani, ulizaneni swali moja kabla ya kufunga spika: nani anarekodi, na hiyo rekodi ni ya nani? Andikeni jibu kwenye karatasi, mtie sahihi.

Wewe ungemweka nani namba moja? Kabla hujamtaja James Brown, skiza sebene moja ya Franco hadi mwisho. Yote.